Ushauri Alionipa Mtani Wangu

Kila mwaka chuo kimoja cha Mwanza hunialika nikazungumze na wanafunzi wa sheria kuhusu namna ya kupanga kazi zao, nami huenda. Nawaambia wachague mapema eneo la sheria wanalolipenda, watafute mtu wa kuwaongoza, wasiogope kuanzia mji mdogo. Wanaandika kwa bidii, wananipigia makofi, wananizawadia kanga, kisha narudi zangu Geita. Jambo moja sijawahi kuwaambia, nalo ndilo la kweli kuliko yote: mimi sikuipanga kazi yangu kwa ndoto wala kwa wito. Niliipanga kwa kisasi. Kuna mtu nilitaka ajute kunifahamu, na kila hatua niliyopiga katika uwakili niliipiga huku namtazama yeye. Mwezi uliopita mtu huyo alikufa, na kwa kuwa sasa hawezi kunijibu, naona ni wakati mzuri wa kuandika.

Habari ilinifikia asubuhi, kwenye kundi la simu la mawakili wa kanda yetu. Wakili Ndahani wa Kahama ametutoka. Pole zikaanza kumiminika. Mmoja akaandika kwamba mti mkubwa umeanguka, mwingine kwamba tumebaki yatima, na huyo wa yatima namfahamu, alikuwa hamsalimii marehemu. Nilikuwa nakunywa chai. Niliimaliza, nikajiongezea kikombe kingine na chapati ya pili, maana nilisikia njaa ambayo sikuitarajia. Wanaosema kifo kinafuta yote hawajawahi kudharauliwa na mtu waliyemheshimu. Mchana akanipigia Deo, ambaye ndiye anayeiendesha ofisi ya marehemu siku hizi, akanieleza kwamba mzee aliacha neno azikwe Kahama, shambani kwake, si kwao Dodoma. Halafu akaniomba jambo ambalo hakuna mwingine wa kuombwa. Mimi ni Msukuma, marehemu Mgogo. Watani lazima wawepo msibani, na watani wa mji ule walikuwa wanataka niwaongoze. Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilicheka peke yangu, na hakikuwa kicheko cha kumpokelea mgeni.

Kwa asiyejua mambo yetu, Wasukuma na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo na ukanyamaza. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Siku ya kufa kwako ndiyo siku yake kubwa: atakuigiza ulivyokuwa unatembea, atakusema ulivyokuwa mchoyo, atalala njiani azuie jeneza mpaka apewe chochote, kreti ya soda au jogoo, na akishapokea njia inafunguka na mambo yamekwisha. Sheria ya utani ni moja tu, nayo inamfunga kila mtu: hairuhusiwi kukasirika. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Nimeishi na sheria nyingi zilizoandikwa vitabuni, lakini hakuna iliyoniumiza kama hii ambayo haikuandikwa popote.

Mwaka ninaousema mgodi wa Buzwagi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuvuma na Kahama ilikuwa inajaa watu kama mwalo wa kuoshea dhahabu. Nilikuwa nimemaliza mitihani ya mwisho ya chuo, nasubiri kwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya uwakili, na kabla ya chuo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hivyo sikuwa msichana mdogo. Wakili Ndahani alitupokea wawili, mimi na Deo. Deo alitoka Ushirombo, mtoto wa Kikatoliki aliyepitia seminari, mpole, shati limefungwa kifungo mpaka cha mwisho. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na ukipanda ngazi ulisikia harufu ya mpira mpya na grisi kabla hujasikia harufu ya makaratasi. Kulikuwa na chumba cha wakili chenye zulia, chumba chetu chenye meza tatu, stoo ya majalada isiyo na dirisha, na kibaraza cha nyuma ambako Mama Zaituni, mjane wa Kimanyema kutoka Kigoma, alitupikia mchana. Meza ya tatu, iliyokaa dirishani, haikuwa na mtu. Wakili aliyekuwa akiikalia alikuwa amehamia Arusha. Siku ya kwanza kabisa Ndahani alituambia kwamba mmoja wetu, akishamaliza mafunzo ya Dar, atarudi kukaa pale na kazi itakuwa yake. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Na nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba ni changu. Wateja wetu wengi walitoka vijijini, Samuye na mbele ya huko, watu ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu na bei ya pamba. Mwenye shamba lililovamiwa na wachimbaji aliketi mbele ya Ndahani akajibu kila swali kwa “ndiyo, mheshimiwa,” hata swali ambalo jibu lake lilikuwa hapana. Mimi nilimpeleka kibarazani, nikampa chai, nikamwamkia mwangaluka kwa Kisukuma chetu, na baada ya kuulizana habari za nyumbani kama inavyotakiwa, kesi yote ilitoka: nani alipanda minyaa ya mpaka, nani aliing'oa, shemeji gani alikuwepo. Nilirudi ndani nikamweleza Ndahani kwa Kiswahili, naye akaiandika kwa Kiingereza cha mahakama ya wakati ule, akasaini. Kesi tulizishinda. Deo, kwa haki yake, aliandika vizuri, ila wateja walimwogopa kama paroko.

Utani wetu ulianza kwenye ngazi kila asubuhi. Nikimwamkia shikamoo, anajibu marahaba mla michembe ya viazi, ng'ombe hawajambo? Nami namwambia hawajambo, wameuliza utakuja lini kuomba maziwa, maana Mgogo bila kuomba hajalala. Mtaa mzima wa vipuri ulitusubiri. Akikuta nakula, anasema Msukuma akila ugali wengine wafunge. Nikikuta ameletewa mlenda, nasema leo wakili anakula sabuni. Nilimpenda, nadhani. Sikuwa nimekutana na mkubwa aliyeniacha nimjibu. Mtu wa Dodoma na mtu wa Shinyanga wakikutana mbali na kwao huwa wanapata ndugu wa bure, na mimi nilidhani nimepata mwalimu na ndugu kwa pamoja.

Ijumaa baada ya kuswali, Mama Zaituni alipika pilau, na mezani pale kibarazani Ndahani alifanya alichokiita darasa la maisha. Miezi ya wanafunzi kuja mafunzoni tulikuwa tunajaa mpaka wengine wanakalia ndoo. Nisimnyime haki yake: alijua kushauri. Alikuwa anakata limau, analikamulia kwenye pilau, anamgeukia Deo na kumweleza maisha ya wakili kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kisimani. Alimwambia asikimbilie Dar, huko mawakili ni wengi kuliko kesi. Achague mji ambao wakubwa wanaudharau. Alimwambia kabla hajaijua sheria ya madini ayajue madini yenyewe, akae na wachimbaji, ajue mwenye leseni ni nani na mwenye duara, yaani shimo lenyewe, ni nani, ajue mawe yanagawanwa vipi yakitoka shimoni na ugomvi huanzia kwenye kiroba cha ngapi. Alimwambia mteja tajiri ni mmoja, lakini mteja mwenye ndugu wengi ni kijiji kizima. Alimwambia ajiulize anataka watu waseme nini akitajwa baada ya miaka kumi, kisha aanze kulifanya hilo kesho asubuhi, si baada ya matokeo.

Kisha akanigeukia mimi. “Wewe mpango wako ni mwepesi,” alisema, na wote tulianza kucheka kabla hajamaliza. “Rudi ukafundishe darasa la tatu. Tukikosa mkalimani tutakutumia baiskeli.” Ijumaa nyingine alisema niolewe na mwenye ng'ombe wengi, nikishtakiwa na wake wenza atanitetea bure. Ijumaa nyingine alisema dhahabu na mwanamke havikai shimo moja, niende ustawi wa jamii nikapatanishe wanandoa. Na mimi nilicheka, tena nilicheka kwa nguvu kuliko wanafunzi wote, nikamrudishia: nitakwenda wakili, lakini nani atakuelezea wateja wanasema nini, au utawajibu kwa mlenda? Makofi. Ilikuwa ni kazi ya kila wiki, kutupiana, na nilijiona nashinda. Deo hakujua kutania. Ukimtania alikuwa anatabasamu na kuangalia sahani. Kwa hiyo Deo aliambiwa mambo kwa lugha ya kawaida, na mimi niliambiwa kwa lugha ya utani, na sikujiuliza kwa nini ushauri wa kweli ulikuwa unakata kona kila ukifika kwangu.

Wazee wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Wangu ulitumbuka mvua za kwanza zilipoanza. Nilikuwa stoo, natafuta jalada kwa kurunzi ya simu kwa sababu umeme ulikatika, na ukuta wa stoo na chumba cha wakili ulikuwa wa mbao nyembamba. Alikuwa na mgeni, tajiri mmoja mwenye maduara upande wa Geita, na Deo alikuwa humo ndani akiandika maelezo. Yule tajiri akauliza kama huyu dada anayezungumza na watu Kisukuma ndiye atakayewekwa dirishani. Nikasimama na jalada mkononi, nikitabasamu gizani kama mjinga, nasubiri kusifiwa.

“Minza? Hapana,” Ndahani alisema, na haikuwa sauti yake ya kibarazani. “Yule ni mkalimani mzuri, basi. Watu wenu hawataki mwanamke karibu na shimo, mnasema dhahabu inakimbia. Wakili wa dhahabu asiyeweza kusimama mdomoni mwa duara ni wa nini? Nimempa Deo. Na huyo nimemwambia kila Ijumaa, mbele ya watu wote. Sasa nifanyeje na mtu ambaye anaambiwa anacheka?”

Tajiri akacheka. Sikumsikia Deo akisema neno, na nilisubiri, nakwambia nilisubiri. Yeye ndiye aliyejua kila kesi ilitoka kinywani mwa nani. Nilisikia kalamu yake inaendelea kukwaruza karatasi.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, na ni kosa ambalo Mchaga au Mhaya asingelifanya, kwa sababu yeye angechukia tangu Ijumaa ya kwanza na mambo yangekuwa wazi. Mimi nililelewa kujua kwamba maneno ya mtani hayana uzito. Ndahani naye alilelewa hivyo hivyo, na akaona kwamba hapo pana mahali pazuri pa kuficha kisu. Aliniambia ukweli mwaka mzima kwa namna ambayo nisingeweza kuusikia, na baada ya hapo akaweza kusema, kwa dhamiri safi, kwamba aliniambia.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia mezani kwamba nimesikia amempa Deo kiti. Sauti yangu ilitetemeka na kila mtu aliisikia. Ndahani aliweka kijiko chini, akanitazama kwa macho yenye kucheka, akasema, “Kumbe mtani unakasirika? Mashahidi si hawa? Nilikwambia darasa la tatu linakusubiri.” Kibaraza chote kikaangua kicheko. Wanafunzi hawakujua wanachokicheka, walijua tu kwamba ni zamu ya kucheka, kama nilivyokuwa mimi. Ningefanya nini? Ningelia, ningekuwa Msukuma aliyeshindwa utani, na habari ingefika Shinyanga kabla yangu. Nikacheka. Kati ya mambo yote niliyofanyiwa mwaka ule, kicheko kile nilichokitoa mwenyewe ndicho ambacho sijakisamehe. Mama Zaituni aliniwekea ukoko wa pilau, ambao siku zote ulikuwa wa wakili, akaenda kuosha masufuria.

Sikuondoka siku ile. Wengi huwa wanadhani mtu mwenye hasira hubamiza mlango. Mwenye hasira ya kweli hukaa, ajifunze nyumba ina milango mingapi. Nilikaa mpaka mwaka ulipoisha, nikawa nacheka ninapotakiwa, na kila ushauri aliompa Deo niliuchukua mimi. Deo alikuwa anasikiliza kwa adabu, mimi nilikuwa nasikiliza kwa njaa. Nilianza hata kumchokoza Deo aulize maswali niliyotaka kujibiwa. Aulize namna ya kumpata mteja wa kwanza. Aulize wakili mpya anaanguka wapi. Aulize, kwa mfano tu, mtu akitaka kumshinda wakili mzoefu amkamatie wapi, na Ndahani, akiwa ameshiba, akamweleza: mkamatie kwenye uvivu wa miguu, mzoefu haendi tena kuona eneo la mgogoro, anaamini karatasi. Alikuwa ananipa kamba yake mwenyewe, ameikunja vizuri, na pilau juu yake.

Baada ya mafunzo ya Dar sikutafuta ofisi Kahama. Nilikwenda Geita, kisha Katoro, mji ambao wakati ule wakubwa waliudharau, nikapanga chumba nyuma ya duka la nguo za mitumba. Swali langu la kwanza kwa watu halikuwa mawakili wako wangapi. Niliuliza kama kuna mwanamke mwenye leseni ya kuchimba. Nikaonyeshwa mmoja, mama wa Kizinza mwenye sauti ya mnadani, ambaye wachimbaji wake walikuwa wanamwogopa kuliko wanavyoogopa dhahabu kukimbia. Nikamwomba anipeleke shimoni. Nilisimama mdomoni mwa duara, nikashuka kwa kamba mpaka chini kwenye joto lile na harufu ile ya udongo mbichi na jasho, nikapanda, na siku ya pili walitoa mawe mazuri. Ilikuwa bahati tu, lakini maneno yalisambaa, na kuanzia hapo mashimo yaliyokuwa yakimkataza mwanamke yakaanza kuniita nipite.

Kesi zangu nilizichagua kwa njia moja. Nilikuwa nauliza upande wa pili una wakili gani. Wakisema Ndahani, nachukua, hata kama mteja wangu ana mbuzi tu. Ya kwanza ilikuwa ya yule yule tajiri niliyemsikia nikiwa stoo, ambaye sasa alidai shamba la mjane mmoja limo ndani ya eneo lake. Ndahani alikuja na ramani nzuri. Mimi nilimwomba mwenyekiti wa baraza la ardhi twende tukaone. Tulikwenda wote, vumbi mpaka magotini. Ndahani, ambaye alikuwa amenenepa, akabaki kwenye gari na kiyoyozi chake, akamtuma Deo, na Deo hakujua kuongea na wazee wale. Niliwaamkia, nikawauliza, wakatuonyesha mashina ya minyaa ya zamani chini ya mabaki ya mawe yaliyotupwa kutoka shimoni, na mwenyekiti akayaona kwa macho yake. Siku ya hukumu nilitaka kumwona anavyoumia. Alikusanya makaratasi, akanijia mkono mbele. “Mtani,” alisema, “leo umekula michembe ya wapi?” Na watu wakacheka.

Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Nilimshinda mara nyingi kuliko alivyonishinda, nikawachukua wateja wake mmoja mmoja, tajiri wa stoo akiwemo, na kila nikimpiga alikuwa na utani wa kujipangusia damu. Mbaya zaidi, alianza kujisifu kwangu. Kwenye mikutano ya mawakili alinishika bega akasema huyu nimemnoa mimi, alikuwa mkali tangu kibarazani kwangu. Wanafunzi waliokuja kwake mafunzoni walinijia Geita wakaniambia mzee anakutaja kama mfano, anasema walezi wazuri huzaa mawakili wazuri. Hebu fikiria. Umemnyima mtu chakula, kaenda kulima kwa kucha zake, siku ya mavuno unasimama shambani kwake unawaambia wapita njia kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kushika jembe. Nilichokuwa nakitaka hakikuwa kesi tena. Nilitaka aseme mara moja, bila kucheka, alichonifanyia. Sasa amekufa hajasema.

Jumamosi ya mazishi jua lilikuwa kali. Watani tulijikusanya kwenye geti la shamba, akina mama wengi wa Kisukuma na vijana wachache, wengine wamevaa magunia, mmoja amevaa koti la suti na kutia mto tumboni, anatembea kama Ndahani alivyokuwa akiingia mahakamani, mpaka hata mapadri walikuwa wanaangalia pembeni wasicheke. Jeneza lilipokuja mabegani mwa wanaume tukalala njiani. Nyuma yake alikuwa mjane, Mama Upendo, ameshikwa na binti zake, na nyuma yao mawakili, mahakimu, na kundi la wanafunzi wa sheria waliokuja na basi la chuo, wamevaa suti nyeusi kwenye joto lile. Nikasimama, nikapewa kipaza sauti. Nikasema nimekuja kumpa marehemu ushauri wa kazi, maana yeye alitushauri wengi na huko aendako hana wa kumshauri.

Nilimshauri vizuri. Nilimwambia asiombe uwakili mbinguni, kule mashahidi wote wanasema kweli, atakosa kazi. Nikamwambia asijaribu kuomba kiti cha dirishani, atafute ukalimani, ila ajue kule hawaongei mlenda. Watu walishika mbavu. Wanafunzi walikuwa wanarekodi kwa simu. Kisha nikasema, kwa sauti ile ile, kwamba mtu huyu alinitumia mwaka mzima, akala kesi nilizozitoa vinywani mwa wazee wangu, akaninyima nafasi kwa sababu mimi ni mwanamke, akaniambia hivyo huku anacheka ili nisiweze kumuuliza. Walicheka zaidi. Nilisema kweli tupu, neno kwa neno, na ikapokelewa kama utani wa hali ya juu. Hakimu mmoja alikuwa anafuta machozi. Nikamwona Ndahani ndani ya sanduku lake anashinda tena.

Kaka yake marehemu akaja na kreti ya soda. Kwa desturi tunakataa kwanza, nikakataa. Wakaongeza jogoo. Wenzangu wakamshika tayari, nikawaambia wamrudishe. Vicheko bado vilikuwepo. Akaongeza beberu, na hapo mtani yeyote angepokea na kumshukuru Mungu. Nikasema sipokei. Nikashusha kipaza sauti, nikasimama tu, katikati ya njia, mikono chini, bila kutabasamu. Wenzangu wakaanza kuinuka kutoka chini, wakapangusa nguo, wakasogea pembeni mmoja baada ya mwingine, wananiangalia kama mtu aliyepandwa na kitu. Yule wa mto tumboni akavua koti. Kicheko kilikufa polepole, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka wanafunzi waliokuwa mwisho nao wakashusha simu. Wabebaji walikuwa wanabadilisha mabega. Mama mmoja wa kwetu alininong'oneza, “Minza, mayu, inatosha, utani hauendi hivyo.” Nikamjibu kwamba najua.

Deo alikuja mpaka karibu yangu. Amekuwa mzee, mvi nyingi kuliko zangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini nataka nini. Nikampa kipaza sauti, nikamwambia, “Ulikuwepo chumbani. Sema alichokisema. Usicheke.”

Alikipokea. Alimtazama mjane, akawatazama wanafunzi, akalitazama jeneza. Sikumsaidia. Halafu Deo wa seminari, ambaye hajui kutania, akasema mbele ya watu wote kwamba ni kweli. Kiti kilikuwa changu. Kesi zilikuwa zangu. Mzee alisema dhahabu na mwanamke haviendani, akampa yeye, na yeye alikuwa anaandika na akanyamaza kwa sababu alikitaka. “Nimekikalia maisha yangu yote,” alisema, akanirudishia kipaza sauti kama kitu cha moto.

Mama Upendo akajitoa mikononi mwa binti zake, akanijia, akasimama usoni kwangu. Hakuwa amenikosea lolote mwanamke yule, nami nilikuwa nimemsimamisha juani na maiti ya mumewe. Nililijua hilo tangu nilipokataa jogoo, na sikusogea.

“Umeridhika sasa?” aliniuliza.

“Bado, mama,” nikasema. “Lakini piteni.”

Nikapiga hatua moja pembeni. Wabebaji wakaliinua vizuri, wakapita. Jeneza lilipita karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeligusa, kama wanavyofanya watani wote kuonyesha kwamba yamekwisha. Mikono yangu niliiacha ilipo.